Mtega Kitendawili Lazima Awe na Jibu

Simulizi za upelelezi na ujasusi zimerudi kwa nguvu kwa wasomaji wa Kiswahili, ila safari hii hazikupitia duka la vitabu. Zinasomwa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, zinasikilizwa YouTube kwa sauti ya msimulizi huku mtu anapika au yuko kwenye daladala. Mara nyingi sehemu za mwanzo hutolewa bure, kisha anayetaka kuendelea analipia kwa simu. Kila sehemu inaishia na "itaendelea", na chini yake wasomaji wanalalamika kwamba mwandishi amekata utamu. Umaarufu huu unaelezwa kwa namna mbili. Wazazi na walimu wengi wanasema vijana wamezoea damu, na kwamba hadithi hizi zinawafundisha kuua. Waandishi wenyewe wanasema siri ni taharuki: mwache steringi na bastola kisogoni, kata hapo, kesho watalipa. Naona wote wamekosea. Kinachomrudisha msomaji kwenye hadithi ya mauaji ni ahadi kwamba kila kilichowekwa mbele yake kina sababu, na kwamba mwishoni hesabu itafungwa kwa vitu alivyokwisha kuonyeshwa. Taharuki inamfanya afungue sehemu ya 13. Ahadi ile ndiyo inayomfanya amtafute mwandishi yuleyule tena baada ya mwaka. Na namna simulizi hizi zinavyoandikwa na kuuzwa sasa inaivunja ahadi hiyo mapema mno, wakati mwingine kabla hata ya maiti kuzikwa.

Ahadi hiyo tunaijua tangu utotoni. Mtu anasema "Kitendawili!", wengine wanajibu "Tega!", naye anatega: nyumba yangu haina mlango. Watoto wanahangaika, wanataja kaburi, wanataja tikiti maji, na wakishindwa mtegaji anadai mji. Akipewa Mombasa anatembea nao kidogo kwa mbwembwe, kisha anatoa jibu: yai. Tazama kinachotokea hapo. Hakuna aliyejifunza kitu kipya kuhusu yai. Yai liko jikoni kila siku. Raha inatokana na kugundua kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho, na kwamba kila neno la swali lilikuwa la kweli: ni nyumba, na haina mlango. Mtegaji akitaja jibu lisilolingana na swali, au kitu ambacho wenzake hawajawahi kukiona, watoto hawampi mji, wanamwambia anadanganya. Mtoto wa miaka 7 anaijua sheria hii kuliko waandishi wengi wanaouza simulizi zenye sehemu 80. Mtegaji anajua jibu kabla ya kufungua mdomo, na swali amelitengeneza kutokana na jibu.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianzia hapohapo. Katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Humo maiti inakutwa mahali pa mizimu, watu wanaogopa, na mpelelezi Bwana Msa anaingia na kiko chake kutafuta mkono wa binadamu nyuma ya mambo yanayodhaniwa kuwa ya wasioonekana. Anayesema leo kwamba hadithi za mauaji ni takataka zilizokuja juzi na simu akumbuke kwamba zilikaa kwenye meza ya heshima kabla ya uhuru. Inafaa kukumbuka pia kwamba mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox aliandika kanuni 10 za hadithi za upelelezi, na mbili za mwanzo zinasema mhalifu atajwe mapema katika hadithi, na nguvu zisizo za kawaida zisitumike kama ufumbuzi. Bwana Msa, ambaye deni lake kwa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Arthur Conan Doyle, liko wazi, anafanya kazi ndani ya mipaka hiyo, katika mazingira ambayo jibu la "mashetani" lingepokewa na wengi bila ubishi. Ndiyo maana nguvu yake ni kubwa zaidi kwetu: kila anapokataa jibu la mkato, msomaji anaona kwamba na yeye angeweza kulikataa.

Halafu upepo ukageuka. Miaka ya 1970 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba, jasusi wa serikali, wakati ambapo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) na habari za makaburu na vibaraka zilikuwa mazungumzo ya kila siku. Baadaye Ben Mtobwa akaja na shujaa wake, Joram Kiango. Hizo ni hadithi za mbio, silaha na hila, na nyingi kati yake ni nzuri. Swali lake kuu ni "atapona vipi?", wakati swali la Bwana Msa ni "nani, na ulijuaje?" Ni fani mbili tofauti zinazokaa kwenye rafu moja, na simulizi za simuni zimerithi zaidi ile ya "atapona vipi?" Tofauti yake aliieleza vizuri mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, mwaka 1962. Watu wanazungumza mezani, bomu linalipuka ghafla: mtazamaji ameshtuka kwa sekunde 15. Lakini akionyeshwa bomu chini ya meza kabla, na saa ukutani, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanampa dakika 15 za taharuki. Taharuki, basi, inatokana na mtazamaji kujua. Fumbo linatokana na mtazamaji kuona bila kujua alichokiona. Mwandishi anayemficha msomaji kila kitu kisha kumrushia jina la muuaji sehemu ya mwisho hajampa lolote kati ya hayo mawili. Amempa mshtuko wa sekunde 15.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Wanasema kama raha ingekuwa kwenye jibu, basi mtu akishaambiwa muuaji ni nani angeacha kusoma, na haiwi hivyo. Kweli, mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa wasomaji hadithi fupi 12, zikiwemo za upelelezi, na walioambiwa mwisho mapema walizipenda zaidi kwa wastani. Majaribio ya watafiti wengine baadaye yalipata matokeo ya kinyume, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Lakini tuseme ni kweli. Mfano mkubwa zaidi ni Columbo, mfululizo wa televisheni ya Marekani, ambao kwa kawaida ulimwonyesha muuaji na kitendo chake dakika za mwanzo, na watu waliufuata kwa miaka mingi. Walikuwa wanafuata nini? Walikuwa wanafuata mlango ulioachwa wazi. Waliona mauaji yaliyopangwa vizuri, wakajua kuna kosa moja, na wakataka kuona mpelelezi atalishika wapi. Jina la muuaji ni sehemu ndogo ya jibu. Sehemu kubwa ni njia. Kwa hiyo hoja hii, badala ya kuivunja hoja yangu, inaibana: kinachohitaji kulindwa ni uaminifu wa njia.

Njia hiyo inajengwaje? Chukua mfano wa kubuni. Mzee mwenye duka Pangani, mkoani Tanga, amekutwa amekufa asubuhi ndani ya nyumba yake. Mpwa wake anasema alikuwa naye usiku, walitazama taarifa ya habari ya saa 2, wakaendelea na mpira, akamwacha hai saa 4. Mwandishi anajua tangu mwanzo kwamba mzee alikufa jioni. Umeme wake wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, uliisha saa 11 jioni, akaenda kununua, akarudi na risiti yenye tarakimu zake 20, na aliuawa kabla hajaziingiza kwenye mita. Usiku ule televisheni haikuwaka. Huo ndio mwisho, na kutoka hapo mwandishi anarudi nyuma. Katika sehemu ya 2, mpelelezi anapotazama meza, vitu vinatajwa kwa mpigo: miwani, tasbihi, risiti ya LUKU, kikombe cha kahawa kilichokauka, na bahasha iliyochanwa. Risiti iko katikati ya orodha, na bahasha imewekwa mwisho kwa makusudi, kwa sababu msomaji hubaki na kitu cha mwisho. Katika sehemu ya 5 jirani, mama anayeuza juisi za barafu, analia hasara: alipeleka vifuko 40 kwenye friza ya mzee saa 10 jioni, asubuhi akavikuta maji matupu. Hapo anaonekana mchoyo asiyejali msiba, na watu wanamkaripia. Msomaji anakumbuka aibu, anasahau juisi. Katika sehemu ya 9 mpelelezi anaombwa na binti wa mzee awasaidie kuweka umeme, anaiomba ile risiti, mita inazikubali tarakimu. Ikikubali, maana yake zilikuwa hazijatumika. Hakuna maelezo yoyote yanayoongezwa hapo. Msomaji ana vyote vitatu mkononi sehemu kadhaa kabla ya Bwana Mpelelezi kuzungumza.

Sasa matundu, kwa maana hapa ndipo hadithi nyingi huvuja. Tundu la kwanza: majirani wangeona nyumba iko giza na kusema siku ileile. Basi ndani iwepo taa ya kuchaji, na muuaji aiache inawaka. Kumbe hata hilo linaweza kuwa ushahidi, kwamba kuna mtu alihitaji mwanga. Tundu la pili: risiti ina saa ya manunuzi, na polisi wa kweli angeisoma mara moja. Basi saa 12:10 jioni iliyoandikwa pale isomwe mapema na ichukuliwe kama uthibitisho kwamba mzee alikuwa hai jioni, jambo ambalo hakuna aliyelipinga; maana yake ya pili inabaki imelala. Tundu la tatu ni baya zaidi: kwa nini mpwa aliongopa kuhusu televisheni? Ikiwa hakujua umeme umekatika, basi ilikuwa bado kuna mwanga wa jua alipoua, na taa ya kuchaji iliwashwa na nani? Mwandishi asipojiuliza swali hilo, msomaji wa Tanga atamwuliza. Anaweza kujibu kwamba mzee mwenyewe aliiwasha alipoingia, au kwamba kulikuwa na mtu wa pili, na hapo hadithi inapata mguu mwingine. Kazi ya fumbo ni kazi ya fundi: unalimwagia maji paa lako mwenyewe kabla ya masika.

Huyu ndiye mwandishi ambaye biashara ya sehemu kwa sehemu inamnyima nafasi. Anaandika sehemu ya 6 leo usiku ili aitume kesho, hajui muuaji ni nani, na risiti aliyoiweka mezani sehemu ya 2 hawezi tena kuirekebisha kwa sababu watu 2,000 wameshaisoma. Wasomaji wanaanza kubashiri. Mmoja anapatia, anasema ni mpwa, wengine wanamuunga mkono. Mwandishi anaona aibu kwamba amejulikana, anambadilisha muuaji: sasa ni pacha wa mzee aliyetoka Oman, ambaye hakuwahi kutajwa. Kwenye kundi wanashangilia kwa siku mbili, kisha wale waliokuwa wanasoma kwa makini wanaondoka kimyakimya. Kubashiriwa na mtu mmoja kati ya mia ni dalili kwamba vidokezo vinafanya kazi. Ungekosa hata mmoja, ndipo ungepaswa kuogopa. Kosa lingine ni la kumbukumbu. Msomaji wa kitabu anakimaliza kwa siku 3. Msomaji wa kundi anasoma sehemu 60 kwa miezi 2, katikati bando limeisha, simu imeharibika, Ramadhani imeingia. Kidokezo cha sehemu ya 2 hakikumbukwi sehemu ya 58. Kwa hiyo kila kidokezo kikuu kinahitaji kuonekana angalau mara 3, kila mara kikiwa na kazi nyingine ya kufanya, kama risiti ile: kwanza ni takataka ya mezani, kisha ni ushahidi wa saa, kisha ni umeme wa binti.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1891 Arthur Conan Doyle alipoanza kuandikia jarida la Strand la London, aliona kwamba hadithi ndefu inayoendelea kila toleo inampoteza msomaji aliyekosa toleo moja. Akachagua mhusika mmoja anayerudi kila mara, na kisa kizima kinachokamilika ndani ya toleo. Naamini huo ndio mfumo unaofaa simu zetu kuliko msururu wa sehemu 80: mpelelezi mmoja, kila wiki kesi moja ya sehemu 5 au 6, inaanza Jumatatu, inafungwa Jumamosi. Msomaji aliyechelewa anaingia kwenye kesi ijayo bila kuomba viungo vya nyuma. Mwandishi naye anaweza kumaliza maneno 6,000 yote kabla ya kutuma hata neno moja, jambo ambalo kwa maneno 60,000 ni gumu kwa mtu anayeandika baada ya kazi.

Chombo nacho kina masharti yake. Kwenye sauti, msikilizaji harudi nyuma, anaosha vyombo. Kidokezo kitajwe mara mbili kwa midomo tofauti, mara moja na msimulizi, mara moja katika mazungumzo, na washukiwa wasizidi 5. Hadithi yenye Hamisi, Hamadi na Hamza, ambayo kwenye karatasi inasomeka vizuri, masikioni ni mtu mmoja mwenye mambo mengi. Kwenye filamu hatari ni kamera. Ukiisogeza karibu na risiti kwa sekunde 2 umemwambia mtazamaji jibu. Muziki ukiingia hapo umempigia ngoma. Risiti ionekane kwa picha pana, mezani, wakati ndugu wawili wanagombea funguo za duka, ili jicho liwe limeiona huku akili iko kwenye ugomvi. Filamu zetu nyingi hufanya kinyume: hazionyeshi kitu kabisa, kisha mwishoni mpelelezi anaeleza kwa dakika 10 mambo yaliyotokea nje ya picha.

Nirudi kwa wazazi. Hoja kwamba hadithi hizi zinafundisha watu kuua ndiyo dhaifu kuliko zote, na udhaifu wake uko ndani ya fani yenyewe. Mauaji ya hadithi ya fumbo yametengenezwa ili yaache alama. Yasingeacha alama kusingekuwa na hadithi. Anayeisoma kama somo anajifunza kushindwa kwa mpwa wa Pangani, kwamba hata juisi ya jirani itamsema. Lakini wana hoja mbili nyingine ambazo sizipuuzi. Ya kwanza ni simulizi za "kesi za kweli", ambapo msimulizi anachukua kifo cha mtu ambaye matanga yake bado hayajaanuliwa, anataja majina, anamtangaza mtuhumiwa kuwa muuaji. Katiba ya Tanzania na ya Kenya zote zinamlinda mtuhumiwa asihesabiwe mkosaji hadi mahakama iamue, na familia ya marehemu haina pa kukimbilia sauti hiyo ikishasambaa. Hilo ni dhara la kweli, na dawa yake ni hadithi za kubuni zilizo bora kiasi kwamba msikilizaji hahitaji msiba wa jirani kupata fumbo.

Ya pili ni picha ya uongo ya sheria. Simulizi nyingi zinaisha kwa mshukiwa kupigwa hadi akakiri, na msomaji anafundishwa kushangilia. Mwandishi wa Kenya ajue kwamba Sheria ya Ushahidi haikubali ungamo la namna hiyo mahakamani: linapaswa kutolewa mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta Mkuu (Chief Inspector) ambaye siye anayepeleleza kesi hiyo, na mshukiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Tanzania, muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa 4, na kuongezwa kwake kuna utaratibu. Ungamo lazima liwe la hiari. Kielelezo nacho kinahitaji kujulikana kilikaa kwa nani kila kilipobadilisha mikono. Risiti ya LUKU aliyoitia mpelelezi mfukoni bila kuandika popote ingempa wakili wa mpwa mchana mzuri sana. Masharti haya ni zawadi kwa mwandishi. Saa 4 ni taharuki iliyo tayari, kama bomu la Hitchcock, na ungamo lililokatazwa linamlazimisha mpelelezi awe na ushahidi, yaani linailazimisha hadithi iwe fumbo. Ngumi inapokata kesi, vidokezo vyote vilivyotangulia vinakuwa havina kazi.

Kwa wenye makundi na chaneli, badiliko la kwanza haliwagharimu hela. Wamwombe mwandishi karatasi moja kabla ya kutangaza sehemu ya kwanza: nani aliua, saa ngapi, alikosea wapi, na vidokezo vyake viko sehemu zipi. Karatasi hiyo isomwe na mtu mmoja asiyependa kusifia. Wahariri wa vitabu wangeweza kuanzia hapohapo wanapochagua kipi cha kuchapisha kati ya vile vilivyopendwa mtandaoni, kwa maana idadi ya wasomaji wa sehemu ya 1 haisemi lolote kuhusu sehemu ya mwisho. Na siku moja kabla ya ufumbuzi, badala ya sehemu mpya, kundi litumiwe ujumbe mfupi: vidokezo vyote mnavyo, kitendawili. Kundi lifunguliwe saa 24 watu wajibu, kila mmoja aandike jina la muuaji na kitu kimoja kinachomshika. Atakayetaja risiti na juisi atajwe kwa jina mbele ya wenzake. Walioshindwa watoe mji.